Mwelekezi wa Visogo

Katika wapangaji wote waliowahi kukaa chumba cha uani nyumbani kwetu Msambweni, na wamepita wengi, ni mmoja tu aliyetaka aitwe kwa cheo. Muuguzi tulimwita kwa jina lake. Karani wa kiwanda cha sukari cha Ramisi tulimwita kwa jina lake. Hata yule askari wa wanyamapori mwenye kisirani tulimwita kwa jina lake, naye akaitika. Huyu alifika na mabegi matatu meusi, akayatua barazani na kusema, "Watu huniita Mwelekezi." Hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa akimwita hivyo. Sisi ndio tulioanza.

"Mwelekezi wa nini?" Baba akamuuliza.

"Wa filamu, Mzee."

"Aaa, mpiga picha."

"Si mpiga picha, Mzee. Mpiga picha anabonyeza tu. Mimi naona."

Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kwa miaka minne aliyokaa kwetu mpangaji huyu, Baba alimwita Mpiga Picha, na yule bwana hakuacha kumsahihisha hata siku moja. Mimi nilimwita Mwelekezi, na mpaka leo namwita hivyo, maana sijapata tusi linalomtosha vizuri zaidi.

Sitasema katoka wapi wala ni mwana wa nani. Ukoo wake hauna kosa. Lakini niseme mapema kwa nini ninamwandika, msije mkadhani ni husuda ya mtu aliyekosa nafasi kwenye filamu. Mamangu alipotoka eda aliniomba kitu kimoja: amwone Baba akisema. Picha mbili tatu tunazo, moja ya Idd amekatwa nusu, nyingine ya harusi ameinamia sahani ya pilau. Iliyokuwa nzuri ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho tulikirudisha ofisini siku tulipochukua cheti cha kifo, kwa kuwa ndiyo sheria. Mama hakutaka picha isiyotembea. Alitaka aone midomo yake ikienda. Na katika dunia hii mtu pekee aliyewahi kumuelekezea Baba kamera siku nzimanzima ni Mwelekezi, ambaye kwa imani yake mwenyewe hapigi uso wa mtu.

Mimi ni fundi wa friji katika mahoteli ya Diani. Kazi yangu haina porojo: ama samaki ameganda, ama ameoza. Huenda ndiyo sababu sikumwelewa mtu ambaye kazi yake ilikuwa inakwenda vizuri kila siku na haimaliziki.

Filamu yenyewe ilikuwa ya uhalifu. Mzee mmoja ana shamba lililofika ufuoni, mtu anaitamani hati yake, mzee anauawa mchana kweupe uani kwake, na kijiji kizima kinamjua aliyemuua ila hakuna anayetamka. Mzee wa kuuawa alikuwa Baba. Mwelekezi alimchagua kwa sababu, nanukuu, ana kisogo chenye historia. Baba alikuwa na mikunjo mitatu ya shingo na kovu la jipu chini ya sikio la kushoto. Mama alipoelezwa habari hiyo akasema jipu hilo alilikanda yeye kwa maji moto mwaka waliooana, na kwamba kama kisogo hicho kina historia basi na yeye aandikwe humo.

Nadharia yake aliipata kwetu, sitamnyima haki hiyo. Siku moja aliniambia, "Nimegundua kitu huku. Mtu akiulizwa na polisi, anasema nilimwona kwa nyuma. Kila mtu. Mwizi wa ng'ombe, kwa nyuma. Mwenye kuchoma duka, kwa nyuma. Sasa mimi filamu yangu yote naipiga vile shahidi alivyoona."

"Kwa nyuma?"

"Kwa nyuma, buda. Mwanzo mpaka mwisho."

Nakiri wazo hilo lina akili. Ni kweli sisi husema hivyo, na ni kweli tunaposema hivyo mara nyingi tumeuona uso tena tumeusalimia. Lakini wazo lilikuwa moja, na alilivaa kama mtu mwenye shati moja. Kila kilichoulizwa alikijibu kwa hilo hilo. "Uso unajua unatazamwa," alikuwa akisema, kidole juu. "Kisogo hakijui." Alimwambia hivyo chifu. Alimwambia hivyo muuza mishikaki. Alimwambia hivyo dada yangu Saumu alipomletea maji, naye Saumu akamjibu kwamba kisogo chake yeye kinajua kabisa, ndiyo sababu hujifunika.

Kamera aliiweka usawa wa bega la mtu aliyeketi, na lazima ichungulie kupitia kitu: kanga iliyoanikwa, mkeka, tundu la ukuta wa udongo. Shahidi hujificha, ndivyo alivyoeleza. Mara moja aliitia ndani ya banda la kuku ili uani uonekane kupitia wavu, na kuku wa Mama wakaacha kutaga wiki nzima. Mama hakulalamika. Alimwekea mayai ya dukani kwenye sahani, akamwambia, "Haya, mwanangu, ya kwetu yamekuonea haya."

Halafu saa. Alipiga filamu kuanzia saa sita hadi saa nane mchana peke yake, jua likiwa utosini. Wenzake, alisema, huweka uhalifu gizani kwa sababu ni wavivu wa kufikiri. "Huku mtu anaibiwa shamba saa saba mchana, mbele ya karani, kwa kalamu." Hilo pia ni kweli, na nilikuwa nachukia kila aliposema kweli, kwa kuwa lilimpa nguvu ya kusema upuuzi kwa mwezi mwingine. Upuuzi wenyewe ulikuwa kuwasimamisha watu wazima juani kwa muda wa saa mbili, wakigeukia ukuta, wakisubiri kivuli chao kiingie miguuni. Yeye alifunga mwavuli mgongoni kwa kanga, kama mtu aliyebeba mtoto, akatembea na kivuli chake mwenyewe. Mwaka ule Ramadhani ilimkuta katikati ya kazi. Alitaka kuendelea. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mpangaji, alimwendea pale uani akamwambia, "Mwanangu, hawa wamefunga. Ukitaka kuua mtu, ua kwenye hiyo filamu yako tu." Akaacha mpaka Idd.

Na tena alikuwa adui wa buluu. Tuko dakika kumi kutoka baharini kwa miguu, na filamu yote haina hata tone la bahari. Kadi ya salamu, ndivyo alivyoiita. Wanawake waliokuja kuigiza aliwarudisha nyumbani kubadilisha kanga. Ndoo za buluu zilifichwa. Mlango wetu wa mbele, ambao Baba aliupaka buluu kwa mkono wake mwenyewe tulipohamia, Mwelekezi aliupaka rangi ya matope siku Baba alipokwenda kliniki. Aliporudi alisimama mbele ya mlango wake akauliza kama amekosea nyumba. Mimi nilitaka kumtoa mtu yule na mabegi yake jioni ileile. Baba akasema, "Mwache. Kila fundi ana wazimu wake. Wewe husikilizi friji kwa sikio kama daktari?"

Hapo ndipo panaponiudhi hasa. Baba alimpenda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakupewa jembe, alipewa kashata. Kila siku baada ya swala ya alasiri waliketi barazani wakinywa kahawa chungu, na Baba alimweleza mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Jinsi alivyokata miwa Ramisi akiwa kijana, akilala na panga chini ya mkeka. Jinsi alivyovuka Lunga Lunga kwa miguu kumfuata mwanamke ambaye si Mama, akafika akamkuta keshaolewa, akala ubwabwa wa harusi yake na kurudi. Mimi habari hizo nilizisikia kwa kupita, nina kompresa begani, naharakisha. Nilidhani nitaketi siku nyingine.

Na kamera ilikuwa hapo hapo barazani, ndani ya begi, kati ya miguu yake. Hakuitoa. Niliwahi kumuuliza mbona hayarekodi mambo yale.

"Si sehemu ya filamu," akasema.

"Lakini ni mazuri."

"Mazuri sana. Lakini anayasema kwa uso."

Sijui kama mtu huyu aliwahi kujisikia akiongea. Asubuhi alijitazama kwenye kioo cha uani muda mrefu kuliko bi harusi, akizikata ndevu zake unywele mmoja mmoja. Mezani alitengeneza dirisha kwa vidole vyake vinne na kuichungulia sahani mpaka chakula kikapoa. "Kula, mwanangu," Mama alikuwa akimwambia. "Wali hauhitaji kuelekezwa." Na filamu ilipokamilika akabandika matangazo yake kutoka Ukunda hadi Msambweni, yenye picha kubwa ya uso wa mtu mmoja tu. Uso wake yeye. Nilisimama mbele ya tangazo hilo kwenye nguzo ya umeme, nikacheka peke yangu mpaka mwenye boda boda akaniuliza kama niko sawa.

Baba aliuawa mara nyingi. Siku ya kwanza ya kifo chake Mwelekezi hakuridhika na jinsi kofia ilivyoanguka, wakarudia. Mara ya pili nzi alipita. Mara ya tatu wingu. Ilipofika mara ya sita Baba akanyoosha mkono akaomba maji, akasema, "Mpiga Picha, leo nimeuawa mara sita na sijamjua hata mmoja anayeniua. Huku kwetu mtu hafi hivyo. Huku kwetu unauawa na mtu mliyekula pamoja." Mwelekezi akazima kamera. Siku iliyofuata akaongeza onyesho ambamo mzee na muuaji wanakula sahani moja, migongo miwili imeinama, mikono miwili inakutana kwenye wali. Watu wa ughaibuni waliompa cheti baadaye walilisifu sana onyesho hilo. Jina la Baba halikutajwa.

Sasa nieleze habari ya kilio.

Ilibidi mzee akishafariki wanawake walie. Mwelekezi akatafuta wanawake wawili wanaojulikana kwa sauti, akawaweka uani kwetu saa sita u nusu, migongo kwenye kamera, akawaambia wasiigize. Walie kweli. Hakuna aliyemkumbusha, nami nilikuwa Diani ndani ya tumbo la friji, kwamba kwetu kilio si sauti tu. Kilio ni mwito. Mwanamke akipiga ukemi mchana mahali penye mzee mgonjwa wa presha, mtu hangoji kuuliza. Anatupa jembe, anafunga duka, anakuja.

Wakaja. Kabla mtu yule hajasema "Kata!" uani palikuwa na watu hamsini, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wanauliza sanda imenunuliwa au bado. Shangazi yangu alipigiwa simu Ramisi, akapanda boda boda akilia njia nzima, akaingia na kumkuta marehemu ameketi kigodani anakunywa chai. Alimpiga Baba kibao kwanza, ndipo akamkumbatia. Na vijana, Mungu awabariki, walikuwa wamekwisha kwenda makaburini. Waliporudishwa shimo lilikuwa limefika magotini.

Wazee wakasema shimo lililochimbwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Ukakatwa mgomba, ukalazwa humo, ukafukiwa. Imamu alikasirika, akasema ni ushirikina, akaondoka. Lakini hata yeye hakusema lifukuliwe. Na Mwelekezi alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya wale waliosimama kaburini, amepiga goti, kamera begani, anachukua visogo. Machozi ya watu hakuyataka. Aliniambia jioni, macho yanang'aa, kwamba hajawahi kupata mabega ya kweli namna ile. Nilimwuliza kama anajua alichokifanya. Akasema, "Nimepata onyesho, buda." Nilimwita mpumbavu mbele ya Baba, na Baba akanitaka nimwombe radhi, nami nikamwomba, meno nimeyakaza.

Watu walisamehe. Watu wetu husamehe haraka kuliko inavyostahili. Filamu ilipoonyeshwa alasiri moja katika ukumbi mmoja Ukunda, mapazia yameshushwa, walijaa wote, kila mtu kaja kujitazama. Dakika kumi hazikupita, minong'ono ikaanza.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Mbona sijioni?"

"Tazama hicho kisogo. Si chako?"

"Mimi sijawahi kukiona kisogo changu, nitakijuaje?"

Wanawake wawili waligombania kisogo kimoja mpaka wakatolewa nje. Mwelekezi alisimama mlangoni akiwaomba watu kimya, akisema hii ni sanaa, na debe tupu haliachi kuvuma. Nilistarehe sana siku ile. Isipokuwa pahala pamoja. Kuna onyesho la wakata miwa wa Ramisi, mstari mrefu wa visogo vinavyong'aa jasho kwenye jua la utosi, vinainama na kuinuka, na mtazamaji anajua muuaji yumo ndani ya mstari, na hakuna kinachomtofautisha na wengine. Kamera haiendi popote. Ukumbi wote ulinyamaza. Nywele za mikono zilinisimama, na nilijichukia kwa hilo.

Nikamuuliza Baba njiani ameionaje. "Nimekufa vizuri," akasema. "Ila sikujiona."

Baada ya hapo Mwelekezi alipata cheti chake cha ughaibuni, akafunga mabegi, akaondoka. Alimbusu Baba mkono. Kodi aliilipa yote, sitamsingizia.

Baba alifariki miezi michache baadaye, mchana, karibu na saa saba, barazani kwake. Saumu ndiye aliyemkuta. Alipiga kelele ambayo naisikia mpaka sasa nikizima mashine. Akaja Mama, naye akalia. Na barabarani, hatua thelathini kutoka mlangoni, mama mmoja muuza viazi karai aliendelea kugeuza viazi vyake. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba alisema kwa sauti, "Wameanza tena hao. Mwambieni Mwelekezi safari hii sitoki." Nyumba ya pili wakacheka. Vijana waliokuwa wakicheza bao wakasema hawachimbi tena kaburi la mgomba. Shangazi alipopigiwa simu Ramisi alikata. Nilimpigia mara nne. Alipokea ya nne akanitukana, na mimi nikalia tu, ndipo akajua.

Tulimzika Baba kabla ya magharibi kwa safu moja na nusu ya waliomsalia. Mzee aliyezika kijiji kizima kwa mikono yake, aliyekuwa wa kwanza kushika jembe kila msiba, alibebwa na watu ambao hawakutosha kupokezana, na kutoka nyumbani hadi makaburini sikutoa bega langu chini ya jeneza. Asubuhi yake wakaja wote, nyuso chini. Sikuwalaumu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumlaumu, naye nilimlaumu miezi minne na siku kumi zote za eda, kila siku, nikifungua na kufunga milango ya mafriji.

Mama hakumlaumu. Siku alipotoka eda alioga, akavaa, akaniambia, "Nipeleke kwa yule mwanangu wa kamera. Yeye anaye baba yenu."

Nilijua yuko Ukunda. Amerudi, ana chumba ghorofani juu ya duka la viatu, na kazi anayofanya siku hizi ni harusi za mahoteli. Naapa nilipoingia nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kuta zote nne zilikuwa nyuso. Meno, vipodozi, mabibi harusi wakimcheka mtazamaji, na nyuma ya kila mmoja bahari, buluu tupu. Yeye mwenyewe alikuwa amenenepa na ndevu hazijakatwa. Alisimama haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, pole sana. Nilisikia nikiwa mbali. Sikupata hata..."

"Mapenzi ya Mungu. Keti."

Alimwambia aketi katika chumba chake mwenyewe, naye akaketi. Mimi sikuketi. Nikamwambia tumekuja kuutaka uso wa Baba, akisema, hata neno moja, autafute.

"Sina, kaka," akasema.

"Tafuta."

"Siku kumi na nane nilikuwa naye kwenye kamera. Najua nilichopiga. Uso sina."

Nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga miezi minne, nayo yalitoka bila kukwama: viazi karai, safu moja na nusu, shangazi, bega langu. Nilimwambia alikaa na mtu miaka minne, akala chakula chake, akamsikia akieleza maisha yake yote, kamera kati ya miguu, akachukua shingo. Mama hakunikataza. Mwelekezi alinisikiliza mpaka mwisho, na hakujitetea, na nilipomaliza aliuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kusaidia:

"Kaka, na wewe je? Umekaa naye miaka arobaini. Simu hiyo hapo mfukoni. Hata moja huna?"

Ninazo. Nina video ya lori lililopinduka Lunga Lunga. Nina ya chatu aliyekutwa Funzi chini ya boti. Nina za kompresa zaidi ya mia, kwa ajili ya mlio wake, nimtumie mwenye spea. Nyani haoni kundule. Mama alikuwa anatazama ukuta, hakugeuka kunitazama, na najua kwa nini alinifanyia ukarimu huo.

Mwelekezi akafungua kompyuta. "Nitakuonyesha vilivyopo, Mama. Hata kama ni hivyo tu." Akatafuta muda mrefu. Kisha Baba akatokea, uani kwetu, mchana, ameketi kigodani, kofia, mikunjo mitatu, kovu. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Ndiye," akasema.

Baba alikuwa amekaa tu, akisubiri kuuawa. Alijikuna sikio. Kwa mbali jikoni ikasikika sauti ya mwanamke ikiita, "Baba Saumu! Njoo chai inapoa!" Ilikuwa sauti ya Mama. Na Baba akaanza kugeuka. Likatokea shavu, zikatokea ndevu nyeupe, likaanza jicho, na sauti ya Mwelekezi, karibu sana na kamera, ikasema kwa ukali, "Usigeuke, Mzee!" Baba akarudi ukutani. Akatulia. Video ikaisha.

"Rudisha," Mama akasema.

Akarudisha. Chai inapoa, shavu, ndevu, usigeuke. Mama akaomba tena, na mara ya tatu akainua mkono karibu na kioo, mahali shavu linapotokea, bila kukigusa.

"Nilikuwa namwita mimi," akasema. "Alikuwa anakuja."

Video ilikuwa imesimama kwenye kisogo. Mama akamgeukia Mwelekezi, hakuwa na hasira hata chembe, akamshika mkono kama mtu anayeomba jambo dogo.

"Wewe alikuwa anakusikia, mwanangu. Mwambie ageuke."

Yule bwana alifungua kinywa. Nilingoja aseme lolote, nilikuwa tayari kulidharau. Akakifumba, na Mama, mkono wake bado juu ya mkono wa Mwelekezi, akaendelea kukitazama kioo akisubiri.